Mji wa Zaranga Juu ya Meza ya Hyattsville

Vijana, nianze na miti, kwa sababu miti ndiyo inayowashinda wengi. Mti mdogo wa kuweka mezani hautengenezwi kwa karatasi ya kijani. Unachukua sponji ya kuoshea vyombo, unaiacha ikauke mpaka iwe ngumu, unaisaga katika ile mashine ya juisi ambayo umeshawaambia watu wa nyumbani kwamba imeharibika, kisha unaichovya kwenye rangi. Si rangi moja. Rangi tatu, na mojawapo lazima iwe mbaya: kahawia iliyochoka, au kijani kinachoelekea kwenye njano. Jicho la mtu haliamini mti usio na kasoro. Ikishakauka, chukua chembe kwa kibano, iguse kwenye gundi, iweke juu ya kijiti cha waya. Usipumue. Mimi nimepoteza misitu mizima kwa chafya moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa miaka mingi, katika karakana iliyokuwa nyuma ya duka la matairi pale Hyattsville, nilitengeneza mifano: majengo, mitaa, viwanja, vyote vidogo. Wasanifu wa majengo kutoka Arlington walituletea michoro yao, nasi tukawafanyia jengo la kimo cha goti, ili wakubwa wao walizunguke wakiwa na kahawa mkononi na kusema linapendeza. Baada ya miaka miwili mitatu nilikuwa nikipita huko kwa basi, nalikuta jengo lenyewe limesimama, na kwa kitambo kidogo sikujua lipi ndilo mfano. Nilikuwa nikitazama ghorofa za juu nikitafuta alama ya kidole changu.

Sasa nimestaafu. Au tuseme kazi ndiyo iliyonistaafu mimi, maana viganja vyangu vilianza kuuma wakati uleule zilipokuja mashine zinazochapa jengo zima kutoka kwenye kompyuta, na mashine hazipigi chafya. Sina kinyongo nazo. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi yoyote ya mikono, hata kama mkono wenyewe siku hizi unabonyeza tu. Na ninyi wenye kuelewa Kiswahili mkajibu kwa Kiingereza, hakuna neno. Someni kimya kimya, hakuna atakayewatahini.

Nilikuja nchi hii na shahada ya jiografia na tasnifu nene kuhusu mmomonyoko wa udongo kwetu Kondoa. Nilipofika Maryland nikakuta udongo umefunikwa lami, hivyo utaalamu wangu ukakosa pa kusimama. Nilifanya kazi ghalani, nikafanya kazi dukani, nikapanga makopo kwa uangalifu wa mtu aliyesoma namna mawe yanavyojipanga. Aliyeniokoa ni Papa Bahati, mzee wa Bukavu, ambaye karakana ile ilikuwa yake kwa kila kitu isipokuwa jina. Aliniona nikijenga mnara wa makopo ya nyanya, akaniuliza kama ningependa kujenga vitu ambavyo watu hawatavila.

Papa Bahati alinifundisha kukata vilima kwa waya wa moto kutoka kwenye povu gumu, lile linalofungiwa televisheni mpya. Alikuwa mpole na mikono, mkali na kilima. "Mulima haitake mbiyombiyo, mama," alikuwa akiniambia nikiharakisha. "Ukiikata mbiyombiyo inakuwa mukate." Alinifundisha pia siri ambayo chuoni ingenifelisha: kwamba kilima ukikiweka kwa kipimo chake cha kweli, hakionekani. Lazima ukiongeze kimo, mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Nilibisha. Nilimwambia kwamba huo ni uongo. Akanijibu kwamba mtu akisimama chini ya mlima, moyo wake hautumii rula, na sisi tunaujengea moyo. "Ukiweka sawa na kweli," akasema, "batu bataona sahani."

Yeye naye alikuwa na makosa yake. Alikuwa hawezi kabisa kutengeneza magari; ya kwake yote yalifanana na viatu. Lakini maji aliyajua. Wakati fulani nilijenga kitongoji cha Virginia chenye kijito kizuri, nimekipaka rangi ya buluu na kukiwekea kokoto za mchanga. Papa Bahati akakitazama. Akachukua kikombe chake cha chai, akamimina kidogo kwenye chanzo cha kijito changu. Chai ikakataa. Ikageuka, ikarudi, ikamwagika kwenye viatu vyangu. Mtaalamu wa mmomonyoko alikuwa amejenga kijito kinachopanda kilima. Tangu siku hiyo, ubao wowote kabla sijauwekea kitu niliumwagia maji nikaangalia yanakotaka kwenda. Nanyi fanyeni hivyo, kwa namna yoyote itakayolingana na kazi yenu.

Sasa nije kwenye Zaranga.

Zaranga ni mji mdogo kaskazini mwa Ghana, karibu na mpaka wa Burkina Faso. Sijawahi kufika huko, na sidhani kama nitafika, ila nikifumba macho naweza kuwaelekeza dukani. Aliyeniletea mji huo ni Bwana Salifu, mwenyekiti wa chama cha watu wa Zaranga wanaoishi pande hizi. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za mabasi ya shule, kwa hiyo alipenda ramani na alichukia kuchelewa. Alikuja karakanani amevaa tai, akasimama katikati ya vumbi letu jeupe la povu, akaanza kuueleza mji kwa mikono. Huku, kwenye bega lake la kushoto, kuna majabali makubwa ya mviringo, yamepandana kama mizigo iliyoachwa na abiria. Kutoka hapo ardhi inateremka taratibu mpaka kwenye mto, ambao nusu ya mwaka ni mto na nusu ya pili ni barabara ya mchanga. Huku, kwenye kiwiko cha kulia, kuna kilima chenye nyumba ya chifu. Katikati, kwenye tai, ndilo soko. Halafu nyumba za duara, zilizoungana kwa kuta kama watu walioshikana mikono, zimetawanyika kila familia na shamba lake la uwele, na miti ya shea katikati ambayo hakuna anayethubutu kuikata.

Chama kilitaka mfano wa mji huo kwa ajili ya mkutano wao mkubwa katika ukumbi mmoja wa Lanham, ili watoto waliozaliwa hapa wauone. Lakini Bwana Salifu aliniambia kwamba aliyetoa wazo hilo si yeye, ni Mama Lariba. Mama Lariba alikuwa muuguzi mstaafu, mkubwa kwa umri kuliko wote chamani, na alikuwa akipoteza macho. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hata huo mwanga kidogo uliobaki utaondoka, tena si muda mrefu. Safari ya kwenda kwao mwili wake haukuiweza tena. Picha hazikuwa na faida kwake. Alitaka mji anaoweza kuushika, aupite wote kwa vidole mara moja wakati bado kuna ukungu wa rangi wa kumsaidia, ili baadaye, kukiwa giza tupu, mikono iwe na pa kurudi.

Kazi ya namna hiyo sikuwahi kuifanya. Mfano wa kutazama una adabu zake, na mfano wa kugusa una zake. Miti ya sponji inayeyuka chini ya kidole kama mkate ndani ya chai, kwa hiyo niliifanya ya uzi wa katani uliokazwa gundi. Njia niliziwekea mchanga laini, mto nikaupaka vanishi mpaka ukateleza, mashamba nikayachana kwa kitana. Majabali nilikuwa nikifumba macho na kuyapapasa mpaka yawe na ubaridi. Kwa wiki kadhaa niliishi Zaranga. Nyumba nilizipata kwenye picha za setilaiti, nikawa nikizihesabu kutoka juu kama ndege asiye na haraka. Nilikuwa nikishuka kwenye basi hapa Hyattsville nikitafuta majabali upande wa kushoto. Soko lao hukaa kila siku ya tatu, na kufikia mwisho nilijua leo ni siku ya soko bila kuangalia popote. Nilikuwa nikiamka na kelele zake kichwani, kanga wakilia ndani ya matenga, vitunguu vya bustani za kando ya bwawa vimerundikwa hadi kifuani. Vumbi lile la upepo wa kiangazi unaotoka jangwani nililipuliza juu ya mji kwa pumzi yangu mwenyewe, unga wa chaki, kidogo kidogo, mchana wa jua jembamba likipita kwenye dirisha la karakana. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile katika mji wowote niliopanga chumba.

Na nilianza vizuri, kwa taratibu zote. Katika kazi yetu, unaanza na jengo ambalo una vipimo vyake vya hakika, kisha kila kitu unakipima kutoka hapo. Arlington tulifanya hivyo kila siku. Zaranga, jengo hilo lilikuwa nyumba ya chifu. Bwana Salifu alizaliwa ndani yake, alikuwa na picha zake za kila upande, pamoja na ya banda la farasi. Nikaanza nayo.

Mji ulipokaribia kwisha, Bwana Salifu akamleta Mama Lariba. Alikuwa mwembamba, amevaa koti zito la bluu, akaingia ameshika mkono wa Bwana Salifu kama mtu anayemsaidia yeye. Nilimsogezea kiti. Hakukaa. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akitumia kona ya jicho ambayo bado ilikuwa ikifanya kazi, akautazama mji wangu, au kivuli chake.

"Umeanzia wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia, nyumba ya chifu, na nikaanza kumweleza kwa nini, maana nilijivunia.

"Nani amekupa ardhi?"

Nikadhani anauliza habari za ubao. Nikamwambia tunanunua kwa jumla, Beltsville, na kwamba ni imara sana, haupindi.

Mama Lariba akaiingiza mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya koti. Nimefanya kazi na wateja waliopiga kelele, walioondoka bila kuaga, na mmoja aliyekanyaga daraja langu kwa makusudi. Hakuna aliyewahi kunitisha kama mikono ile inayoingia mifukoni. "Basi nirudisheni nyumbani," akasema kwa upole.

Bwana Salifu alinipigia simu baadaye. Alisema nisijali, ni mambo ya zamani ya koo zao, mfano ni mzuri, mkutano umeshapangwa, tutaendelea bila yeye. Nilimuuliza tutaendeleaje bila mtu ambaye mji huo unajengwa kwa ajili yake. Akasema mabasi hayamsubiri abiria mmoja. Nikamwambia hili si basi. Hakupenda.

Nikaenda Lanham peke yangu. Mama Lariba aliishi na bintiye kwenye nyumba ya matofali ambayo barabara kuu ya mzunguko ilisikika mpaka jikoni, mfululizo, kama maji. Alinipokea vizuri, akanipa chai ya tangawizi, na hakutaja mfano kabisa mpaka nilipoutaja mimi. Ndipo aliponieleza mji wake ulikotoka.

Pale zamani hapakuwa na watu, alisema, kulikuwa na majabali na kanga wa porini. Wakaja ndugu wawili kwa miguu, kutoka nchi iliyokauka: mwanamke mfinyanzi na mdogo wake wa kiume. Kila walipopumzika, yule mwanamke alikuwa akionja udongo kwa ncha ya ulimi, kama mpishi anavyoonja chumvi, na kutema, na kuendelea. Walipofika chini ya majabali akaonja, akameza. Akachimba kwa kigae cha chungu kilichomvunjikia njiani. Udongo ukatoka mweusi, kisha yakatoka maji. Mdogo wake akasimamisha ukuta hapohapo, na watoto wa mdogo huyo ndio wenye ardhi ya Zaranga mpaka leo. Mkubwa wao huitwa tindana. Vizazi vingi baadaye ndipo walipotokea watu wenye farasi. Walikuwa na mikuki na wangeweza kuchukua walichotaka, lakini farasi walikuwa na kiu, nao wakashuka, wakachuchumaa, wakaomba. Wakapewa maji, kisha wakapewa mahali pa kujenga, kule kilimani. Hao ndio waliokuja kuwa machifu. Chifu anatawala watu, tindana anaitunza ardhi, na hata leo chifu mwenyewe akitaka kuongeza chumba, hutuma mtu kwenda kuomba.

Nilikaa na kikombe mkononi. Chuoni nilifundishwa kwamba miji huanza kwenye njia panda, au kivukoni, au penye madini. Hakuna aliyenifundisha kwamba mji unaweza kuanza kwenye ncha ya ulimi. Nilimuuliza nyumba ya kwanza iko wapi, kwa sababu kwenye picha za setilaiti chini ya majabali sikuona kitu, ila miti.

"Iko chini ya miti hiyo," akasema. "Ni nyumba fupi. Haijawahi kuwa na haja ya kuonekana."

Baba yake alikuwa tindana. Kwa watu wa Zaranga waliokuwa pande hizi, wa ukoo huo alibaki yeye tu. Alinieleza kwamba hakukasirika. Lakini akigusa nyumba zilizosimamishwa bila ardhi kuombwa, atakuwa amekubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, na ataikubalisha hata mikono ya wajukuu. Halafu akaongeza jambo ambalo lilinikata kuliko desturi yote. "Nisingejua pa kuanzia," akasema. "Kidole kingeshuka wapi? Ningepotea katika mji wetu wenyewe."

Kesho yake niliubomoa mji. Nilitumia kisu chembamba na siki ya moto ya kulegeza gundi, na kama mtawahi kulazimika kufanya hivyo, jueni kwamba kubomoa vizuri kunachukua muda kuliko kujenga. Njoroge, Mkenya wa Nyahururu aliyekuwa akiiendesha ile mashine ya kuchapa, alisimama mlangoni na mandazi yake akatikisa kichwa. "Da Rehema, unabomoa town ya wenyewe? Wakikupata watakuonyesha." Nikamwambia wenyewe ndio walioniambia. "Basi mimi sijaona kitu," akasema, akaenda kulia mandazi kwenye gari. Nyumba nilizitia kwenye sanduku la mayai. Zikabaki majabali, mteremko, na mfereji wa mto. Nilitandaza udongo wa mfinyanzi mbichi juu ya ardhi yote, nikaulainisha kwa kiganja. Ubao mtupu ulionekana kama mtu aliyelala.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: kumwomba Mama Lariba ardhi. Mgeni hamwombi tindana kwa mdomo wake mwenyewe; anatafuta mwenyeji wa kumsemea. Na mwenyeji pekee niliyekuwa naye alikuwa Bwana Salifu.

Nilimfuata kazini kwake wakati wa chakula cha mchana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akifuta miwani yake. Aliniuliza kama ninajua kwamba Zaranga kuna vijana wa ukoo wake ambao kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakijenga bila kuomba, na wanasema hakuna lililowapata. Aliniuliza kama ninajua watasema nini wakisikia kwamba mjukuu wa chifu amekwenda kuchuchumaa Maryland. "Babu zangu waliomba mara moja," akasema. "Inatosha."

Nikamwambia haombi yeye. Mwombaji ni mimi, mjenzi. Yeye ananikopesha mdomo tu.

"Na mtu akiazimwa mdomo," akaniuliza, "magoti ni ya nani?"

Niliondoka nikiwa na hakika kwamba nimeubomoa mji bure. Lakini Jumamosi, saa tisa kamili mchana, alikuwa nje ya karakana na gari la kazini alilokuwa ameliomba, viti vya nyuma vimeshakunjwa ili ubao uingie. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na mfuko wa karatasi wenye kola, zile mbegu za kutafuna ambazo kwao mwombaji haendi bila kuzibeba. Alikuwa amezitafuta mpaka Takoma, akaniambia, na nusu yake zilikuwa zimekauka, mji huu hauna adabu.

Tuliuweka ubao kwenye meza ya kulia chakula ya Mama Lariba. Yeye alikuwa ameketi pembeni, amejifunga kitambaa cha michirizi ya bluu na nyeupe, na nilivyomwona nikajua alikuwa akitungojea, ingawa hakuna aliyemwambia tunakwenda na nini. Bwana Salifu alivua viatu. Alisimama kidogo. Nilimwona akilegeza tai, kisha akaivua kabisa na kuitia mfukoni. Kisha akachuchumaa, magoti yakialika kama kuni, akaziweka kola sakafuni mbele yake, akaanza kusema kwa lugha yao.

"Kwa Kiingereza," Mama Lariba akamkatiza. "Mjenzi asikie anachoombewa."

Bwana Salifu akasema kwamba amekuja na mgeni, mwanamke wa upande wa pili wa Afrika, ambaye kazi yake ni kujenga, na alijenga kabla ya kuomba kwa sababu hakujua, na sasa anaomba. Barabara ilisikika. Nilidhani amemaliza, nami nikajiandaa kushukuru.

"Na wenye farasi wamekuja pamoja naye," akasema, akitazama chini. "Tumekuja kuomba tena."

Mama Lariba aliokota kola moja, akainusa, akatamka kwamba imekauka. Akaivunja hata hivyo, akatugawia. Ni chungu sana, vijana. Tabasamu mtakalolitoa mkiitafuna ni la heshima tu. Kisha akainuka, akauliza meza iko wapi, akaishusha mikono yake juu ya ubao.

Aliipitisha polepole. Aliyagusa majabali, akayatambua moja moja kwa majina, akacheka kwenye moja ambalo, alisema, lilimvunja jino utotoni. Kutoka kwenye majabali vidole vilishuka, vikarudi, vikazunguka kwenye ule udongo mbichi mpaka vikapata kibonde kidogo ambacho mimi nilikiacha kwa sababu tu setilaiti ilikionyesha. Hapo akasimamisha kidole gumba, akabonyeza, kwa nguvu, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba anayojua ina watu.

"Hapa," akasema. "Sasa jenga."

Nilijenga upya kwa wiki tatu, safari hii nikianzia kwenye alama hiyo na kupima kila kitu kutoka hapo. Juu ya alama yenyewe sikuweka nyumba. Niliuacha udongo ukauke na mistari ya kidole chake ndani yake, nikapanda miti ya katani kuizunguka. Papa Bahati alikuja kuuangalia, tayari amestaafu, akamimina chai yake. Ikateremka mpaka kwenye kidole gumba, ikatulia. Akanipiga begani akasema hilo ni jambo la kweli, lakini gari la sokoni linafanana na kiatu. Nilimwambia nimejifunza kwake.

Nilipofika kwenye nyumba ya chifu, nilikuwa nimeshakuwa mtu wa upande mmoja. Nyumba ya mwanzo niliiondoa kwenye sanduku la mayai nikaiona kubwa mno, yenye majivuno. Nikaikata upya, ndogo, na kile kilima chake nikakishusha, nikijiambia kwamba hatimaye naitumia rula kwa haki. Hivyo ndivyo wasomi tunavyopenda kusaidia.

Siku ya mkutano, Mama Lariba aliletwa ukumbini mapema, watu wengine hawajafika. Tulikuwa watatu tu na viti vilivyokunjwa. Mwanga wa mchana uliingia kwa madirisha ya juu, lakini yeye alisema sasa anaona kama mtu anayetazama kupitia maziwa. Alianzia kwenye kidole chake. Kilikaa kwenye alama yake kama kimevishwa. Kutoka hapo alitembea, kwa vidole viwili, akapita kwenye mashamba, akateremka kwenye mchanga wa njia, akasimama sokoni kwa muda mrefu akinong'ona na watu ambao sisi hatukuwaona, akavuka, akaanza kupanda upande wa mashariki. Bwana Salifu aliacha kupumua. Vidole vilifika kwenye nyumba ya chifu, vikazipapasa kuta, vikapanda paani, vikashuka.

"Hii ni nini?"

"Nyumba ya chifu, Mama," nikasema.

"Umeifanya ndogo."

Nikaanza kumweleza habari za kipimo. Alinipungia mkono ninyamaze.

"Waliokuja kuomba hatukuwapa banda la kuku. Tuliwapa mahali pa juu, penye upepo, na farasi wao wakapata kivuli. Watoto wakishika hii leo watadhani tulikuwa wachoyo." Akauelekeza uso wake upande ambao Bwana Salifu alikuwa amesimama. "Wewe umezaliwa ndani. Ilikuwa hivi?"

Bwana Salifu akausogelea ubao. "Nilikuwa nikiona mpaka mtoni," akasema.

"Basi chifu aone mpaka mtoni."

Nilichukua kisu, nikaitenga nyumba na kilima chake. Bwana Salifu akainyanyua kwa mikono miwili, naye Mama Lariba akaweka kidole mahali lango lilipokuwa, tusilipoteze. Nikakata kadi ngumu, nikaipitisha chini ya kidole. Akapapasa. "Bado." Nikaweka ya pili. "Bado." Nje milango ya magari ilianza kufunguliwa, sauti za watoto zikawa zinakaribia. Niliweka ya tatu na ya nne, mpaka kilima kikafikia kimo ambacho hakuna chuo duniani kingekikubali.

"Hapo," akasema Mama Lariba, na vidole vyake viwili vikaanza kuteremka kuelekea mtoni.